Bariyeri ya Mvua ya Lubumba

Tarehe 2 mwezi wa kumi, 1956

Padri wa Kasongo aliniambia: "Grégoire, kule unakokwenda misa itakufikia mara chache sana. Andika kila siku mambo ya roho yako, ili siku ya kuungama usikae mbele yangu unakuna kichwa." Basi naandika. Roho yangu leo ni salama. Miguu ndiyo inauma.

Niko Lubumba, kwenye njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, mahali kilima kinapoteremka hadi daraja la miti. Kazi yangu ni bariyeri ya mvua. Ni mti mrefu unaolala juu ya njia, na nyuma yake umefungiwa jiwe zito ili uinuke bila kunivunja mgongo. Mvua ikianza naushusha na kamiyo zote, magari ya mizigo, zinasimama, maana zikipita kwenye udongo uliolowa zinaikata njia kama jembe. Njia ikikauka nauinua. Gari dogo la Mzungu linapita hata mvua ikinyesha. Ndivyo amri inavyosema.

Mke wangu Apolline alifariki kiangazi kilichopita. Binti yetu Mado ameolewa Kindu. Nyumba ya Kasongo ikabaki na milango mingi kuliko watu, nikaomba kazi ya mbali. Sikujua mbali ni mbali hivi.

Tarehe 3

Kijiji kiko ng'ambo ya daraja. Wao wanasema Kibangubangu, mimi ni Muzimba. Kiswahili wanakijua vizuri kabisa, ila wakiniona mimi wanakisahau. Wanasema mimi ni jicho la serikali.

Tarehe 5

Jua. Kamiyo zilipita bila kusimama. Siku nzima mdomo wangu haukufanya kazi ila ya rozari.

Tarehe 9

Leo mvua, asante Mungu! Nilishusha mti, kamiyo mbili zikanaswa. Moja ni ya shofere anaitwa Kasimu, mtu wa Kasongo kama mimi, Mwislamu, anaendesha gari la tajiri mmoja wa sokoni. Alishuka akaangalia mbingu, akaniangalia mimi, akaangalia mbingu tena.

"Baba Grégoire, hii mvua unaiona wewe peke yako. Sisi wengine tunaona jua."

"Tone limenipiga mukononi."

"Tone moja? Labda ni ndege amekukojolea!"

Watu waliokaa juu ya mizigo walicheka mpaka mmoja akateleza akashikwa na mwenzake. Baadaye mvua ikaja kweli kweli, nami nikacheka mwisho. Tulipika ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo, Kasimu akatoa samaki wake wakavu. Alitandika mkeka barazani akasali, mimi nikasali rozari ndani. Alipomaliza akasema: "Mungu leo iko na kazi. Anasikia nyumba moja inamuita kwa lugha mbili." Aliniuliza habari za Apolline. Nilimweleza alivyokuwa akipika wali na kuunguza makusudi, kwa sababu mimi napenda ukoko. Tangu matanga hakuna mtu aliyeniuliza habari zake.

Njia ilikauka. Waliondoka. Sufuria ilikuwa bado ya moto.

Tarehe 14

Wageni! Amekuja Mzungu wa kazi za barabara, mashofere wanamwita Bwana wa Njia, pamoja na karani wake Placide, kijana wa Kasongo mwenye tai hata kwenye matope. Bwana si mkali. Anatoka jasho jingi, anakula mkate amesimama.

Alinieleza kwa kinywa cha Placide kwamba kamiyo nyingi zinapinduka katika njia zetu na watu wanakufa. Hapa Lubumba peke yake msimu uliopita kamiyo mbili zilitoka njiani kwenye kona. Lakini karibu na Kabambare kuna kilima kikali kuliko hiki, mashofere ni wale wale, gari ni zile zile, na huko hakuna aliyekufa. Anataka kujua sababu. Anafanya uchunguzi wa tabia ya mashofere: wanaendeshaje, wanawaza nini.

Wamesimika nguzo mbili nyeupe kwenye mteremko, moja juu ya kona, moja chini. Nimepewa saa ya kubonyeza. Kamiyo ikipita nguzo ya kwanza nabonyeza, ikipita ya pili nabonyeza tena, halafu naandika. Naandika pia: shofere amelewa? Ana usingizi? Amebeba watu wangapi juu ya mizigo? Anajionyesha mbele ya wanawake?

"Papa Grégoire," alisema Placide wakati wa kuondoka, "andika tu vile unaona. Usiogope mutu."

Nilifurahi kama mtoto. Mtu anahitaji macho yangu.

Tarehe 15

Kamiyo tatu. Jua. Zote zilishuka polepole, kwa adabu, kama wanawake wanaokwenda kanisani.

Tarehe 19

Mawingu. Kamiyo nne, na zote zilishuka kama zimekatika kamba! Nilimuuliza mmoja, "Unakimbia nini?" Akanijibu bila kusimama, "Nakukimbia wewe!" Niliandika: kiburi.

Tarehe 23

Unyevu umeingia katika saa ya Bwana, mshale umelala. Nimetafuta njia nyingine, na Mungu anisamehe kama ni kosa. Kamiyo ikifika nguzo ya kwanza naanza Salamu Maria. Siku ya jua shofere anafika nguzo ya pili nami nimeshasema amina. Siku ya mawingu anaipita kabla sijalitaja jina la Yesu. Ni wote, mlevi na mswalihina. Kasimu pia. Hilo limenisikitisha, kwa maana nilimwona kuwa mtu wa akili.

Tarehe 24

Mashofere wana desturi yao. Wakifika juu ya kilima na mbingu imekuwa nyeusi wanapiga honi mara tatu: subiri, nakuja, usishushe. Walinzi wengine wa bariyeri wanasubiri. Mimi sisubiri. Amri haisemi habari za honi, inasema mvua ikianza. Nikimsubiri mmoja nitawasubiri wote, na njia itaharibika mikononi mwangu.

Kasimu alinaswa leo kwa mara ya tatu. Hakucheka sana. "Baba, nilipiga honi."

"Nilisikia."

"Sasa juu ya nini umefunga?"

"Amri, mwanangu. Ingia, chakula kiko."

Aliingia. Tulikula vizuri. Alinifundisha mchezo wa kete, akaniibia waziwazi, na nilipomshika akaapa kwamba ndivyo wanavyocheza watu wa Kabambare.

Tarehe 1 mwezi wa kumi na moja

Sikukuu ya Watakatifu Wote. Nilivaa shati jeupe. Nilisoma sala zote zilizomo katika kitabu, hata za ubatizo, ili siku iende. Hakuna mvua, hakuna mtu.

Tarehe 8

Mvua. Kamiyo moja ilinaswa kutoka asubuhi mpaka jua kuzama. Juu yake alikuwepo mama mmoja wa kijiji cha Wamaza anaitwa Régina, mnene, mwenye sauti ya kengele, na magunia yake ya mupunga. Mdogo wake alikuwa anazaa kwa mara ya kwanza, naye alitaka kufika. Alinijia mikono kiunoni.

"Baba, una wake wangapi?"

"Mke wangu amekufa, Mama."

"Watoto?"

"Mmoja, yuko Kindu."

"Na marafiki?"

Nilijifanya nakaza kamba ya mti.

"Ndiyo maana!" alipaza sauti ili kamiyo nzima isikie. "Hafungi mvua huyu, anafunga watu! Mutu akikosa nyumba yenye kelele, anatufanya sisi kelele yake!"

Walicheka wote. Nami nilicheka, lakini uso wangu uliungua. Alikula chakula changu hata hivyo, akasema chumvi ni nyingi. Akaniosha sufuria bila kuombwa. Wakati wa kuondoka alinipa kikombe cha mupunga, akasema, "Usikasirike, Baba. Mimi nasema sana. Hata mume wangu alizoea ndipo akafa."

Tarehe 11

Maneno ya yule mama yananirudia. Nimeyapima. Si kweli. Mimi nafuata amri.

Tarehe 12

Jua.

Tarehe 13

Jua. Nimezungumza na kuku.

Tarehe 17

Ee Mungu, nitaanzia wapi.

Asubuhi ilikuwa jua. Baada ya chakula cha mchana wingu lilipanda kutoka upande wa Lualaba, zito, na upepo ukaanza kuinua vumbi. Nilisimama kwenye mti wangu. Tone lilinipiga shingoni. La pili likaanguka kwenye mchanga mbele ya mguu wangu, nikaliona likifanya kishimo. Njia ilikuwa kavu, vumbi bado linaruka.

Ndipo nikasikia honi juu ya kilima. Mara tatu. Ilikuwa honi ya Kasimu, naijua, inakoroma kidogo mwishoni kama mzee anayesafisha koo. Nikafurahi. Niliwaza hivi, naandika kama nilivyowaza: Kasimu amefika, leo atakula hapa, nitamwonyesha kwamba nimejifunza kete. Nikashusha mti.

Kutoka kwenye kona shofere anauona mti. Nadhani aliuona ukianza kushuka, akaona bado kuna nafasi, akaongeza mwendo. Nilianza Salamu Maria kwa mazoea tu. Sikufika mbali. Gari liliingia konani limeinama upande mmoja, magunia yakahama, nikaona gurudumu la nyuma likitoka kwenye njia na kuzunguka hewani bila kushika kitu. Halafu gari likalala. Halikupiga kelele kubwa kama nilivyodhani. Lilijilaza kwenye bonde kama ng'ombe aliyechoka, na ndipo watu wakaanza kulia.

Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu ujana. Watu wa kijiji walikuja pia, wakavuka daraja na mapanga na kamba, na leo Kiswahili wakakikumbuka: "Baba, shika hapa! Baba, inua!" Tuliinua magunia. Watu wengi walitoka na mikwaruzo, mmoja alivunjika mkono. Chini ya magunia ya mwisho tulimkuta Mama Régina. Alikuwa anarudi kutoka Kasongo. Mkononi alikuwa na kitambaa kipya cha mtoto mchanga, manjano.

Nilimsalia. Hakuwa na muda wa kunisikia.

Kasimu alikaa pembeni ya njia, damu ikitoka kwenye paji la uso. Nilimshika bega. Alisema, "Baba, fren ilikuwa nzuri. Mwambie Mungu fren ilikuwa nzuri." Akarudia hivyo hivyo, mguu wake ukikanyaga breki isiyokuwepo. Mvua kubwa ilikuja baadaye sana, wakati maiti alikuwa ameshafunikwa kwa mkeka wangu.

Mti ulikuwa chini muda wote huo. Hakuna aliyekuwa anataka kupita.

Tarehe 18

Polisi wa Kabambare walimchukua Kasimu amefungwa mikono. Ndugu wa Régina, Bulaimu, alimchukua maiti kwenda Wamaza kwa machela, wanaume kwa zamu. Hakuniangalia. Katika nyumba yao wengine ni Waislamu, wengine Wakristo, na nilisikia wakienda wakiimba kwa namna mbili, sauti zikipishana kwenye kilima.

Tarehe 22

Bwana wa Njia amerudi na Placide. Uso wake ulikuwa umesinyaa. Alitembea kwenye kona, akapima alama za magurudumu kwa kamba yake, akakaa kwenye gogo langu.

Placide alitafsiri: "Bwana anasema, huyu shofere alikuwa anaenda mbio sana. Administrata, mkubwa wa serikali kule Kabambare, atahukumu. Wanasema atanyang'anywa permi ya kuendesha gari milele na kufungwa gerezani muda mrefu, kwa sababu ameua. Bwana anauliza: ulimwona? Alikuwa mlevi?"

"Hapana. Hakunywa kamwe, ni Mwislamu wa kweli."

"Alikuwa na usingizi?"

"Hapana."

"Sasa alikuwa anakimbia nini?"

Nilijibu, "Sijui, Bwana. Labda wingu."

Bwana alifungua daftari lake. Aliandika. Sikusema habari ya honi. Sikusema kwamba vumbi lilikuwa bado linaruka. Nilijiambia kwamba hakuniuliza.

Tarehe 25

Mvua. Kamiyo mbili zilinaswa. Watu walipikia mbali, chini ya miti, kwenye maji. Niliwaita. Shofere mmoja alisema, "Asante Baba, tumeshiba," na sufuria yao ilikuwa haijachemka.

Tarehe 29

Leo amepita mwanamke kwa miguu, kikapu kichwani, miguu imevimba. Nilimkaribisha maji. Ni Subira, mke wa Kasimu. Anakwenda Kabambare kumpelekea mume wake chakula gerezani, na ametembea kutoka Kasongo kwa sababu hakuna shofere aliyemchukua. Wanaogopa tajiri mwenye gari.

Alikaa barazani, mahali pale pale mume wake alipokuwa akitandika mkeka. Alinitazama vizuri.

"Wewe ndiye Baba Grégoire? Wa kete?"

"Ndiye."

"Kasimu anakusema sana nyumbani. Anasema, 'Yule mzee wa Lubumba ananichelewesha kila mara, tajiri anataka kunifukuza, lakini nikikumbuka uso wake nikifika, nashindwa kumchukia.'" Alikunywa maji. "Tajiri alikuwa amemwambia, ukinaswa tena Lubumba, gari nampa mwingine. Baba, wewe ulikuwepo. Je, hakupiga honi? Yeye kila mara anapiga. Amewaambia kule kwamba alipiga, wakamwambia ni mwongo, mlinzi hakusema habari ya honi."

Nilimpa mupunga uliobaki, ule wa kikombe cha marehemu, aupike njiani. Nilimwambia, "Mama, mwambie Kasimu ninamuombea."

Alisimama, akaweka kikapu kichwani. "Asante. Lakini ukiweza kusema pia, sema."

Tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili

Nimejaribu kusali tangu asubuhi, na sala inakwama mahali pamoja.

Bwana wa Njia anatafuta ndani ya vichwa vya mashofere. Mimi nimekaa chini ya kilima na nguzo zake na saa yake, naandika kiburi, kiburi, kiburi. Na siku ya jua wote ni wapole. Ni siku ya mawingu wanapokimbia, na hawakimbii mvua, kamiyo haiogopi kulowa. Yule aliyenijibu bila kusimama alinipa jibu lote, nami nikaandika kiburi.

Wanakimbia mkono wangu. Wanajua kwamba mimi nafunga kwa tone moja. Na kwa nini nafunga kwa tone moja? Nimesema amri. Lakini walinzi wengine wana amri hiyo hiyo na wanasubiri honi, hata yule wa kilima cha Kabambare, mahali hakuna anayekufa. Mimi nafunga haraka kwa sababu mti ukiwa chini nyumba yangu ina watu. Mama Régina alinisoma tangu siku ya kwanza, akaniambia mbele ya kamiyo nzima, nikacheka.

Sikutaka mtu afe. Nilitaka mtu ale na mimi. Mungu anajua yote mawili.

Tarehe 2

Nikisema, nitafukuzwa, na sina pengine pa kwenda isipokuwa ile nyumba ya Kasongo. Nisiposema, Kasimu atazeeka gerezani na Subira atachakaa njiani. Hesabu hii haihitaji shule.

Tarehe 5

Bwana alipita kwenda Kabambare kwa ajili ya hukumu. Nilisimama katikati ya njia mikono juu. Gari lake dogo lilisimama karibu na magoti yangu, Placide akatoa kichwa: "Papa! Unataka kufa na wewe?"

"Mwambie Bwana nina neno."

Nilisema yote. Honi. Tone. Vumbi. Kete. Placide alikuwa akitafsiri haraka, halafu polepole, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo kwa Kiswahili: "Papa, hili la upweke pia nimwambie?"

"Hilo ndilo lenyewe, mwanangu. Mwambie."

Bwana hakukasirika. Alitoa karatasi zake, akanionyesha mistari: siku za jua huku, siku za mawingu kule. Alisema alikuwa ameshaanza kuona kwamba tabia si ya mtu, ni ya siku, ila hakujua kuhusu honi, na alidhani labda wanaogopa matope. Alikunja karatasi. Akasema kitu kifupi, na Placide akatafsiri.

"Bwana anasema, bariyeri ni amri ya wakubwa wake mwenyewe. Hawatapenda kusoma kwamba bariyeri inaua. Lakini ataandika. Anauliza kama utakubali kusema mbele ya Administrata."

Nilichukua shati jeupe. Nilimwachia mzee mmoja wa kijiji mti wangu. Aliniuliza, kwa Kiswahili safi, nifunge lini? Nikamwambia, maji yakianza kutembea kwenye njia za magurudumu. Si kabla.

Tarehe 7, Kabambare

Administrata alikaa kama hakimu. Kasimu aliletwa, amekonda, kipande cha kitambaa kwenye paji la uso. Nilisema mbele yake. Nilisema kwamba nilisikia honi, mara tatu, nikaijua, nikafunga njia ikiwa kavu.

"Kwa nini?" aliuliza Administrata.

"Nilitaka ashinde kwangu, Bwana."

Watu walioketi nyuma walicheka, kisha wakaona kwamba mimi sicheki.

Nilikaripiwa kwa maneno mengi ya Kifaransa, na Placide alinitafsiria machache, kwa huruma. Bwana wa Njia alionyesha karatasi zake. Walizungumza muda. Mwisho Kasimu alihukumiwa siku zile zile alizokwisha kukaa gerezani, kwa sababu mwendo ulikuwa wake hata hivyo, na permi yake akarudishiwa. Subira alipiga kigelegele kimoja, akajiziba mdomo mwenyewe kwa mkono.

Nje nilimsubiri Kasimu. Alisimama mbele yangu.

"Kwa hiyo ulisikia."

"Nilisikia."

"Kule ndani walinikatalia siku nyingi sana, Baba, mpaka nikaanza kusema labda sikupiga. Labda niliota." Aligeuza kofia yake mikononi. "Nilikula kwako. Nilikuita Baba."

"Nisamehe, Kasimu."

"Nitasamehe. Lakini leo siwezi bado. Nikisema nimesamehe itakuwa uongo, na nimechoka na mambo ya uongo."

Akamshika mke wake mkono, wakaenda.

Tarehe 9

Nilirudi kwa miguu nikipitia Wamaza. Matanga ya Régina yalikuwa hayajavunjwa. Nilikaa chini mwisho wa mstari wa wanaume. Nilimwambia Bulaimu yale yale niliyomwambia Administrata. Alinisikiliza huku akivunja kijiti vipande vidogo.

"Sasa unataka tukufanyie nini?" alisema. "Tukupige? Tukupikie?"

"Hakuna, ndugu. Nimekuja kukaa."

"Basi kaa."

Nilikaa mpaka jioni. Hakuna aliyenisemesha, wala aliyenifukuza. Ndani ya nyumba mtoto mchanga alikuwa akilia, sauti kubwa, ya kengele. Bulaimu alisema bila kunitazama, "Huyo ni mtoto wa mdogo wake. Wamemuita Régina."

Tarehe 15

Placide amepita. Sifukuzwi bado, nabaki mpaka kiangazi, halafu wataona. Bwana amepata ruhusa ya jaribio kwenye bariyeri hii peke yake: kamiyo iliyopiga honi juu ya kilima lazima ipite, na mti unashuka tu maji yakitembea. Ameniachia saa mpya. "Usiisalie hii," alisema Placide, "ibonyeze tu!"

Tarehe 20

Mawingu. Kamiyo tatu zilipiga honi. Niliacha mti juu. Hawakuamini, walikuja mbio vile vile, shingo zimetoka madirishani.

Tarehe 25

Noeli. Watoto wa kijiji walivuka daraja kuangalia kama nina sanamu ya mtoto Yesu. Sina. Niliwapa viazi vya kuchoma. Walikula wakarudi kwao.

Tarehe 31

Wameanza kuamini. Wanashuka taratibu. Hakuna aliyenaswa wiki hii, mvua inanikuta peke yangu.

Tarehe 4 mwezi wa kwanza, 1957

Mvua mbili, kamiyo sita, zote zimepita. Placide atafurahi na karatasi hizi. Nimepika kidogo, bado kimebaki.

Tarehe 9

Habari zimekuja na muuza chumvi: Kasimu amepata gari. Tajiri mwingine, wa Kabambare.

Tarehe 12

Leo baada ya adhuhuri wingu lilitanda, nami nikasimama kwenye mti. Matone yakaanza, si moja wala mawili. Nikasikia honi juu ya kilima. Gari ni jingine, lakini mkono ni ule ule: mara tatu, ya mwisho fupi.

Niliacha mti juu. Mvua ilinipiga kichwani, njia ikaanza kung'aa, na mimi nilishika kamba kwa mikono yote miwili ili upepo usije ukaushusha. Alitokea konani. Alishuka taratibu, akipanga magurudumu kama mtu anayeshuka ngazi na mtoto mgongoni. Juu ya mizigo watu walikuwa wamejifunika majani ya ndizi, mama mmoja alikuwa akiimba.

Alipopita karibu nami alitoa mkono dirishani. Sijui kama alinisalimu au alikuwa anapima mvua. Mimi niliinua wangu.

Ilipita kamiyo nzima ya watu, wote wazima, na hakuna aliyeshuka. Niliitazama mpaka ikavuka daraja na kuzama kwenye majani marefu. Maji yalikuwa yameanza kutembea kwenye njia za magurudumu. Nikashusha mti, nikaingia ndani kuwasha moto.